Utitiri wa maskio kwa paka: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mombasa

Mwanzo niseme, mimi si daktari. Nakaa Mji wa Kale, nna paka watatu wa ndani na wengine sijui hata niwaite wangu ama wa mtaa, wanakuja saa ya samaki, wakishiba wanaenda zao. Nimesafisha maskio ya paka mengi mpaka majirani wakiona paka anajikuna mimi ndo naitwa, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakutumia hii.

Nitajuaje ni utitiri na si uchafu wa kawaida tu?

Sikio la paka mzima ni safi, ukilifunua unaona ngozi tu na nta kidogo sana ya rangi ya hudhurungi. La utitiri lina uchafu mweusi, mkavumkavu, wa chembechembe, kama ile kahawa inayobaki chini ya kikombe ukishamaliza. Halafu tabia: anatikisa kichwa, anajikuna kwa mguu wa nyuma hadi manyoya ya nyuma ya sikio yanatoka, na ukimsugua pale kwenye shina la sikio mguu wa nyuma unaanza kucheza wenyewe. Mara nyingi ni maskio yote mawili.

Kama una macho mazuri jaribu hivi: toa uchafu kidogo na pamba, uweke juu ya kitu cheusi, mimi natumia kava nyeusi ya simu (naipangusa baadaye, msinitazame hivo), mulika na tochi, tulia. Ukiona vidoti vyeupe vinasogea, basi ndio hao. Mmoja hafiki hata nusu milimita, kwa hivyo usipoona haimaanishi hawapo. Daktari wa mifugo ataweka ule uchafu kwenye hadubini na atakwambia hapo hapo.

Na si kila cheusi ni utitiri. Fangasi pia inatoa uchafu wa rangi hio. Kukiwa na harufu mbaya au majimaji ya njano hapo kuna bakteria, iwe utitiri upo au haupo. Kitoto cha paka ulichookota Marikiti, karibu hakika ni utitiri. Paka mzima wa miaka minane ambaye hatoki ndani na hana mwenzake, hapo mie ningeenda akaangaliwe kabla sijatia chochote.

Hao wadudu ni nini hasa?

Wanaitwa Otodectes cynotis kitaalamu. Wakubwa wana miguu minane, jamaa zao ni kupe na buibui, si chawa wala viroboto. Hawachimbi kuingia ndani ya ngozi, wanatembea juu yake wakila nta na ngozi iliyokufa, na mwasho ni mwili wa paka unakataa ule uchafu wao.

Yai linaanguliwa baada ya siku 4 hivi, mtoto anabadilika badilika, mpaka awe mkubwa wa kutaga na yeye ni kama wiki 3. Mkubwa anaweza kuishi miezi 2. Hizo wiki 3 zishike, zinarudi huko chini kila mahali.

Nilimtilia dawa siku tatu akapona kabisa, sasa wiki mbili hazijaisha imerudi. Niliuziwa dawa feki?

Hili ndo swali nnaloulizwa zaidi ya yote, na karibu kila mara dawa haina makosa. Matone mengi ya sikio yanaua wale wanaotembea, mayai yanabaki. Sikio linakaa safi, paka analala vizuri, wewe unafurahi unaiweka chupa kabatini, huku mayai yanaanguliwa moja moja, na wale watoto wakishakua wanataga, basi umerudi pale pale. Hujashindwa na dawa, umeiacha njiani.

Kwa hivyo matone ni kwa siku zilizoandikwa kwenye karatasi yake, zote, na kama imeandikwa upumzike kisha urudie, urudie hata kama unaona sikio linang'aa. Kwa kifupi lazima uwe umefunika zile wiki 3. Mimi naandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, manake kichwa changu si cha kuaminika.

Sababu ya pili ni kwamba umemtibu mmoja na nyumbani wako wanne. Sababu ya tatu wengi hawaijui: hawa wadudu hawakai sikioni peke yake. Paka akilala anajikunja, mkia unakuja mpaka usoni, sasa wengine wanahamia mkiani, shingoni, kichwani. Matone ya sikio hayafiki huko. Ukimaliza kutibu sikio wanarudi kutoka mkiani kama wageni wa harusi.

Basi dawa gani ni nzuri?

Mie siku hizi napenda zile za kudondoshea shingoni, juu ya ngozi pale nyuma ambapo hawezi kujilamba. Inaingia mwilini, inafanya kazi sikio na mkia pamoja, na hupigani na paka kila siku. Angalia jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo, si picha ya paka iliyo juu ya boksi: selamectin (ipo kwenye Revolution, kwengine inaitwa Stronghold), moxidectin ikiwa na imidacloprid (Advocate ya paka), au fluralaner (Bravecto ya paka). Zinatolewa kwa uzito, kwa hivyo mpime: panda mzani na paka, kisha panda bila paka, toa. Selamectin mara nyingi hutiwa mara moja tu, na daktari anaweza kukwambia urudie baada ya mwezi.

Bei yake inauma ukilinganisha na kichupa cha matone, hilo kweli. Lakini piga hesabu ya vichupa vitatu ulivyoviacha nusu.

Na usigawe tyubu moja ya paka mkubwa kwa vitoto vinne kwa kukadiria. Najua inafanywa, nimeona, lakini mmoja anapata nyingi na mwengine hapati kitu.

Hakuna kitu cha nyumbani? Mafuta ya nazi je?

Kuna, ila ujue unachofanya. Mafuta, iwe ya nazi, ya zeituni au yale ya kupaka watoto, yanalainisha uchafu na yanawaziba baadhi ya wadudu pumzi. Mayai hayafi. Wa mkiani hawana habari. Kwa hivyo ukitaka kutegemea mafuta peke yake ni kila siku mbili tatu, wiki 3 mpaka 4 bila kuruka, na bado inaweza isiishe. Nimewahi kufanya hivo na paka mmoja wakati sina pesa, alipona, lakini mwezi mzima alikuwa akiniona anapanda juu ya kabati.

Mie nasema mafuta ni ya kusafishia, dawa ni ya kutibia. Ukiwa unangoja mwisho wa mwezi ndo upate hela ya dawa, mafuta yatampunguzia mwasho, hakuna ubaya. Yawe safi tu, si yale yaliyokwisha kaangia samaki (nshaulizwa!), na yawe vuguvugu, jaribu kwenye kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto.

Isipokuwa kama paka anainamisha kichwa upande mmoja au anayumba akitembea, usitie kitu chochote sikioni, si mafuta si dawa. Inawezekana kiwambo cha sikio kimetoboka na ukitia kitu kinakwenda ndani kabisa.

Namsafisha vipi bila kuraruliwa mikono?

Leso kuukuu, au taulo. Itandaze mezani, muweke paka katikati, mkunje upande huu, upande huu, miguu yote ndani, kichwa kibaki nje. Kama unafunga sambusa. Mtu wa pili amkumbatie, asimkabe. Kama uko peke yako kaa chini, mweke katikati ya mapaja akikupa mgongo, asiwe na njia ya kurudi nyuma manake paka siku zote anatoroka kinyumenyume.

Shika ncha ya sikio uivute polepole juu na nyuma, dondosha mafuta au dawa ya kusafishia, matone manne matano yatosha, halafu usiachie, sugua shina la sikio kwa kidole gumba na cha kwanza, sekunde thelathini hivi, utasikia ile chwa chwa chwa. Hapo wengi wanatulia, wengine hata wanafumba macho, manake ndo pale pale pamekuwa pakiwasha siku zote. Muachie atikise kichwa. Vaa nguo ya kazi, atakupaka wewe na ukuta. Baada ya hapo pamba uliyoizungushia kidole, pangusa kile unachokiona tu.

Vile vijiti vya pamba vya maskio yetu sitaki kuviona. Njia ya sikio la paka inashuka chini kisha inakata kona kuingia ndani, kama herufi L, wewe ukisukuma kijiti unapeleka uchafu kwenye kona na unaupiga kiwambo. Kwenye mikunjo ya nje sawa, ndani hapana.

Kama leo uchafu hautoki wote, acha. Kesho kutwa tena. Ukishamaliza kusafisha subiri sikio likauke ndo utie dawa, vinginevyo dawa inaelea juu ya uchafu.

Na umpe kitu mara tu ukimaliza, kipande cha changu, dagaa mmoja, chochote. Paka hasahau.

Jirani ameniambia mafuta ya taa. / Bibi amesema mwarobaini. / Nina Dettol.

Naweka pamoja manake jibu ni moja: hapana.

Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, na akijilamba yanaweza kuingia mapafuni. Dettol na dawa za kusafishia sakafu ni sumu kwa paka, ini lake halivunji vitu kama ini la mtu, na kile alichopakwa ujue atakila, paka hulamba kila kitu. Spiriti na siki kwenye sikio lililochunika ni mateso tu. Kitunguu saumu kinaharibu damu ya paka. Mafuta ya mti wa chai wa Australia, yale ya vichupa vidogo yanayouzwa kwenye maduka ya urembo kwa jina la tea tree, ni sumu kabisa, hata matone machache. Mwarobaini naujua, nyumba gani hapa pwani haina mti wake karibu, lakini mafuta yake makali kwa paka ambaye atajilamba mie simpi. Maji ya bahari nshaulizwa pia: hayaui utitiri, yanaacha unyevu ndani na fangasi inapenda hapo.

Na kwa sababu watu wakiona paka analia wanamhurumia: Panadol hata robo usimpe. Inaua paka, tena upesi.

Dawa ya mbwa si ni ile ile?

Wallahi swali hili ndo limenifanya niandike. Mwaka fulani niliingia duka moja la agroveti, sitalitaja, nikasema nataka dawa ya utitiri wa paka, nikapewa poda, muuzaji akasema "hii ya mbwa na paka, weka kidogo tu". Nikaisoma nje juani. Permethrin. Nilirudi kuirudisha, akanicheka.

Permethrin kwa mbwa ni sawa, kwa paka ni sumu. Anaanza kutetemeka, maskio na uso vinacheza cheza, kisha degedege, na wengi hufa. "Kidogo tu" haisaidii. Hata paka kulala na mbwa aliyetoka kupakwa ile ya shingoni inaweza kumdhuru. Amitraz, ile ya kuogeshea mbwa na ng'ombe wenye kupe, usimpake paka pia. Kwa hivyo soma kabla ya kulipa, kama imeandikwa mbwa peke yake iache, na kama haijaandikwa dawa ni ipi ndani yake iache pia. Dawa za kupulizia mende hata sizitaji.

Kuna mtu anadunga sindano ya ivermectin ya ng'ombe, ni rahisi. Nimpeleke?

Ivermectin yenyewe inaua utitiri, hilo kweli, na madaktari wanaitumia. Shida ni kipimo. Ile chupa ya mifugo ya asilimia 1 imetengenezwa mililita 1 kwa kila kilo 50. Sasa mchukue kitoto cha paka cha nusu kilo, kwa hesabu hio hio ni sehemu ya mia ya mililita. Sindano gani ya kawaida inapima hivo? Mtu akikosea kidogo tu amempa mara kumi. Akianza kulegea, kupanua mboni za macho, kuyumba, ndo hivo tena. Daktari anayejua akidunga sawa. Mtu wa kupita na chupa, hapana.

Lazima niwatibu wote?

Wote, siku moja. Hata yule asiyejikuna. Na mbwa kama unaye, utitiri ni huo huo, kwa dawa yake ya mbwa. Sungura wana utitiri wao mwengine wa maskio, huo ni mkasa wa peke yake. Kuku na utitiri wao pia hawahusiki, msiwasingizie.

Unaambukiza watu? Nna watoto wadogo.

Kwa kawaida hapana. Pengine vipele vya kuwasha mkononi au kifuani kwa yule anayelala na paka, vinaisha paka akishatibiwa, manake kwetu hawawezi kujenga.

Lakini kuna daktari mmoja wa wanyama Marekani, Robert Lopez, alitaka kuhakikisha, akachukua utitiri kutoka sikio la paka akautia kwenye sikio lake mwenyewe. Akaandika kwamba alikuwa anasikia wakitembea na kukwaruza ndani, na usiku ndo walikuwa wakishughulika zaidi, usingizi hakuna. Kisha akarudia. Halafu akarudia tena, mara ya tatu! Mwaka 1994 wakampa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha. Mimi nikimsikia paka anapiga kelele saa tisa usiku anajikuna namkumbuka huyo bwana, namhurumia paka.

Na nyumba? Nipulizie?

Hakuna haja. Nje ya paka wanaweza kuishi siku kadhaa, hata zaidi ya wiki, lakini hawazaani huko. Fua matandiko yake kwa maji moto, anika juani, na jua letu unalijua. Fagia, pangusa kochi. Basi.

Kitoto kina wiki nne, naanzaje?

Dawa nyingi za shingoni zina umri wa chini, selamectin ni wiki 6 au 8 kulingana na nchi iliyoandika karatasi, nyengine zaidi, na nyengine zinataka awe amefika kilo fulani. Kabla ya hapo mafuta vuguvugu, matone mawili, mikono laini, na mtibu mama yake manake yeye ndo aliyempa. Muulize daktari kama mama ananyonyesha.

Sikio limejaa kama andazi.

Amejikuna hadi mshipa umepasuka ndani, damu imejaa kati ya ngozi na gegedu. Usitoboe, tafadhali, nshaona mtu ametoboa kwa sindano ya kushonea. Peleka kwa daktari, ataitoa kwa usafi na kuzuia isijae tena. Ukiacha inakauka yenyewe na sikio linajikunja kama jani, na utitiri bado upo ndani.

Wangu ana ukoko kwa nje, kwenye kingo za maskio. Ni hao hao?

Hapana, hao wetu wanakaa ndani. Ukoko mgumu unaoanzia ukingo wa sikio unashuka usoni ni upele mwengine, na ule unawapata watu kwa mwasho mbaya, vaa glavu. Na kama ni paka mweupe, ana kidonda kwenye ncha ya sikio kisichopona, kinachuruzika damu kidogo, kinakauka, kinarudi, usikipake mafuta ukangoja. Jua la hapa linawapa paka weupe saratani ya ngozi pale pale kwenye ncha na puani. Ikikatwa mapema anapona.

Niende kwa daktari lini bila kujadiliana?

Kichwa kimeinama, anayumba, usaha, harufu, damu, hali chakula, analia ukigusa sikio, au umetibu wiki 3 kamili paka wote na bado. Kapu lenye mfuniko, leso ndani, tuktuk, mmefika. Usimbebe mkononi, akisikia pikipiki Mwembe Tayari hutamuona tena.

Wa mtaani je? Hashikiki.

Huyo usihangaike na maskio. Mpe chakula saa ile ile, mahali pale pale, wiki nzima, kaa karibu. Siku ambayo kichwa kimo ndani ya sahani tenganisha manyoya ya nyuma ya shingo, bonyeza tyubu mpaka kwenye ngozi, ondoka. Sekunde tatu. Kadiria uzito kwa macho, na ukiwa na shaka muulize daktari tyubu ipi, kisha fanya hivo hivo mwezi unaofuata. Wa kwangu wa mlangoni, yule dume la rangi ya mchanga, alinikunjia uso, siku mbili hakuja. Siku ya tatu alikuwa mlangoni kabla ya muuza samaki.